Turathi isiyofikika ni turathi ya nani?

Kumezuka miongoni mwetu dhana kwamba kukihifadhi kitu cha kale ni kukizungushia ua, kumweka bawabu langoni na kutoza kiingilio. Mahali pakishafungwa husemwa kwamba pamehifadhiwa. Hakuna anayeuliza ni nani aliyefungiwa nje, wala njia iliyokuwa ikipita hapo imekwenda wapi. Nakusudia kuipinga dhana hiyo. Na kwa kuwa la mbali pengine huonekana bayana kuliko la karibu, nitamwomba msomaji anifuate hadi kijiji kimoja cha mashambani nchini Uingereza, kiitwacho Avebury, katika jimbo la Wiltshire. Asiyependa kusimuliwa habari za Wazungu na vijiji vyao na astahimili kidogo, kwani siendi huko kwa nia ya kusifu tu.

Avebury ni kijiji kidogo. Wakazi wa parokia nzima ni 500 na ushei. Kina kanisa, baa yenye paa la nyasi, duka, na barabara kuu inayokikata katikati kwa makelele yasiyostahili mahali kama hapo. Ajabu yake ni kwamba hakikujengwa kando ya magofu, bali sehemu yake kubwa imo ndani ya magofu yenyewe. Kati ya mwaka 2850 na 2200 Kabla ya Kristo, watu ambao lugha yao haijulikani walichimba hapo handaki la mviringo lililozingira eneo la zaidi ya ekari 28. Kina chake kilikaribia mita tisa mahali pengine, na zana yao kuu ilikuwa pembe za kulungu. Udongo waliutupa upande wa nje ukawa tuta. Kisha kando ya ukingo wa ndani wakasimamisha mawe yapatayo 100, ambayo makubwa yake yana uzani wa makumi ya tani, na ndani ya duara hilo wakaweka duara nyingine mbili. Hakuna duara ya mawe duniani inayoizidi hii kwa ukubwa. Stonehenge, ambayo picha yake imo katika kila kitabu cha jiografia, ingemezwa humo mara nyingi.

Nilifika huko pamoja na mpwa wangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Swindon ulio karibu. Tulipokuwa ndani ya basi aliniambia, “Mjomba, huu ni mwaka wa sita niko hapa na sijawahi kukanyaga Avebury. Nilidhani ni pahali pa matajiri.”

“Na Gede je, umewahi kufika?” nikamuuliza.

“Gede tulipelekwa na shule, Mjomba, nikiwa darasa la saba. Ninachokumbuka ni soda.”

Tuliposhuka hatukuona lango. Wala hatukuona kibanda cha tikiti, isipokuwa kwa wenye magari, ambao hulipia maegesho, na wanaotaka kuingia jumba la makumbusho. Kondoo walikuwa wakilisha kati ya mawe. Mzee mmoja alikuwa ameliegemea jiwe lenye umri wa miaka 4,000 na zaidi, akila mkate wake na kumtupia mbwa wake makombo. Mpwa wangu aliliwekea jiwe kiganja kwa hofu, akatazama huku na huku kama anayengoja kukemewa, na hakukemewa na mtu. Kule Stonehenge, mwendo wa kilomita 30 hivi kuelekea kusini, watalii wamezuiwa kuingia kiholela katikati ya mawe tangu miaka ya sabini iliyopita. Wasomi wanaotetea kamba za Stonehenge wana hoja, kwa kuwa nyayo za mamilioni ya watu huchimbua ardhi na mikono hulainisha maandishi. Sitaipuuza. Hata hivyo, ni wazi kwamba mtu aliyeligusa jiwe huondoka na kitu ambacho aliyelitazama kwa mbali hakukipata.

Isidhaniwe kwamba wanakijiji wa Avebury waliyatunza mawe haya tangu zamani kwa sababu wao ni waungwana kuliko watu wengine. Katika karne ya 14 walikuwa wakiyaangusha na kuyazika, yamkini kwa kuyahusisha na ushetani. Katika karne ya 17 na ya 18 walipata hila kubwa zaidi. Waliwasha moto wa nyasi kavu chini ya jiwe hadi likapata joto, kisha wakalimwagia maji ya baridi na kulipiga nyundo likapasuka. Vipande vyake vilijengewa nyumba na mazizi, na hadi leo mtu akitazama kuta za kijiji huona hekalu la kale likiwa limegeuzwa matofali. William Stukeley, aliyezuru hapo mara kwa mara katika miaka ya 1720, aliyachora mawe huku yakivunjwa mbele ya macho yake. Michoro yake iliyochapishwa mwaka 1743 ndiyo iliyobaki kuwa ushahidi wa mawe mengi ambayo hayapo tena.

Liko kaburi moja la enzi hizo ambalo hadithi yake haiwaishii watembezaji wageni hamu. Mwaka 1938, chini ya jiwe lililozikwa, wachimbaji walipata mifupa ya mwanamume pamoja na makasi, chuma cha kitabibu, na sarafu tatu za fedha za mwanzo wa karne ya 14. Wakamwita kinyozi tabibu, kwani katika zama hizo mnyoa nywele ndiye aliyekuwa mpasuaji pia. Ilisemekana kwamba alikuwa akisaidia kuliangusha jiwe likamponda. Kwa miaka mingi mifupa hiyo ilidhaniwa kuwa ilipotea London katika mabomu ya mwaka 1941, hadi ilipoonekana tena katika miaka ya tisini, na uchunguzi mpya ukaitia shaka habari ya kupondwa. Pengine maskini huyo alikuwa amekwisha kufa alipofunikwa. Watembezaji wageni, nilivyowasikia, wameendelea kumponda.

Basi ni nani aliyeyaokoa mawe yaliyosalia? Kwanza ni John Lubbock, mwenye benki na mbunge, ambaye mnamo mwaka 1871 alisikia kwamba sehemu ya ardhi ya ndani ya duara inagawanywa viwanja vya nyumba, akainunua. Baadaye alisukuma Bungeni sheria ya kuhifadhi mambo ya kale ya mwaka 1882, ambayo orodha yake ilitaja Avebury na majirani zake. Alipopewa ulodi mwaka 1900 alichagua kuitwa Lodi Avebury. Baada yake akaja Alexander Keiller, mrithi wa utajiri uliotokana na jemu ya machungwa ya Dundee. Huyu alinunua ardhi kipande baada ya kipande, na kati ya mwaka 1937 na 1939 akafukua mawe yaliyozikwa na kuyasimamisha tena. Mahali ambapo jiwe lilikuwa limeangamizwa kabisa alisimika kiguzo cha saruji. Mwaka 1943 aliiuzia ardhi hiyo jumuiya ya National Trust, nayo ingali mikononi mwao. UNESCO iliitambua Avebury, pamoja na Stonehenge, kuwa turathi ya dunia mwaka 1986.

Hapa ndipo ninapoziacha sifa. Ili duara lionekane safi kama alivyotaka, Keiller alibomoa nyumba zilizokuwa zimesimama kati ya mawe. Hakuwa dhalimu, alizinunua. Waliohamishwa walijengewa makao mapya nje ya duara, upande wa magharibi, katika kitongoji cha Avebury Trusloe. Nilikwenda kukitazama. Ni kitongoji safi chenye bustani za maua, nacho hakina tofauti na vitongoji vingine elfu vya nchi hiyo. Waliokuwa wakianika nguo zao kwenye kivuli cha mawe wakawa wakazi wa pembezoni mwa historia yao wenyewe. Vita vya mwaka 1939 vilimkatiza Keiller kabla hajaimaliza kazi, na waliomfuata hatimaye wakaachana na mpango wa kuifagia kila nyumba. Mimi nasema ni bahati njema. Kama si vita, Avebury ingekuwa uwanja mtupu wenye mawe na vibao vya maelezo. Nyumba zilizonusurika, pamoja na ile baa na wale kondoo, ndizo zinazokifanya kijiji hicho kisiwe sanamu.

Lakini jambo lililonishughulisha zaidi halimo ndani ya duara. Kutoka kwenye mawe kunatoka njia ya miguu inayofuata bonde la mto Kennet kuelekea kusini. Ukiifuata unafika Silbury, kilima cha chaki kilichorundikwa na mikono ya watu mnamo mwaka 2400 Kabla ya Kristo. Kimo chake ni kati ya mita 30 na 40 kutegemea unapoanzia kupima, na hakuna kilima cha kale cha kujengwa kinachokizidi barani Ulaya. Watu walikitoboa mwaka 1776, wakakitoboa tena mwaka 1849, na mara ya tatu kuanzia mwaka 1968 huku kamera za televisheni zikingojea mfalme aliyezikwa na dhahabu yake. Hakukuwa na mfalme wala dhahabu. Kilichopatikana baada ya udadisi wote huo ni shimo lililofumuka kileleni mwaka 2000 kwa sababu ya mahandaki hayo, ikabidi kilima kijazwe na kutibiwa. Siku hizi kukipanda ni marufuku, na marufuku hiyo naiunga mkono bila kusita.

Ukivuka barabara na kupandisha mteremko unafika kwenye kaburi refu la West Kennet, lenye urefu wa mita 100 hivi, lililojengwa yapata mwaka 3650 Kabla ya Kristo. Ndani yake vilikutwa viungo vya watu wasiopungua 36, wakubwa kwa watoto. Hapa pia hakuna mlango wa kufungwa. Unainama, unaingia, unasimama gizani katika chumba cha mawe ambamo wafu walipangwa kabla ya piramidi kubwa ya Misri kujengwa, kisha unatoka na kuendelea na safari. Kwa mbali, upande wa mashariki, huanzia njia ya Ridgeway, ambayo hufuata migongo ya vilima kwa kilomita 139. Upande wa magharibi kuna farasi mweupe wa Cherhill aliyechorwa kwa kufyeka majani hadi kwenye chaki mwaka 1780, wa kutazamwa ukiwa na nafasi.

Sasa msomaji azingatie jambo moja. Njia hiyo tuliyoifuata haikupita katika ardhi ya serikali. Ilipita katika shamba la mtu. Ngano ya mtu ilikuwa kushoto na kulia kwetu, na katikati palikuwa na mstari uliokanyagwa kama utepe. Mpwa wangu alisita pale penye kingazi cha kuvukia ua. “Mjomba, si tutafukuzwa?” Nikamwonyesha ramani. Ramani za Ordnance Survey, idara iliyoasisiwa mwaka 1791, huonyesha kila njia ya namna hiyo kwa vistari vya kijani. Kistari kikiwepo, mtu yeyote, awe mwenyeji au mgeni, ana haki ya kupita kwa miguu usiku na mchana, na mwenye shamba hawezi kumzuia. Akiilima njia inayokatiza katikati ya shamba, sheria humtaka airudishe katika muda wa siku 14 baada ya kulima mara ya kwanza, na saa 24 kwa kila usumbufu unaofuata katika msimu huo. Katika Uingereza na Wales njia za haki hiyo zina urefu wa kilomita zipatazo 225,000.

Kama mwanaisimu siwezi kulipita hili bila kusema neno. Lugha yetu inayo maneno ya njia ndogo: ujia, uchochoro, njia ya mguu, njia ya mkato. Lakini neno linalotujia upesi siku hizi ni njia ya panya, nalo linanuka magendo. Mtu apitaye njia ndogo tumekwisha kumtilia shaka kwa neno tu, kabla ya kumwuliza aendako. Kiingereza cha sheria hulitumia neno la kawaida kabisa, njia ya miguu, kisha kikalipa uzito sawa na wa barabara kuu. Sikumbuki kuona neno la Kiswahili katika hati zetu za ardhi lililobeba uzito wa namna hiyo, na kisichokuwa na jina huwa chepesi kunyang’anywa.

Na majina yenyewe ni turathi. Kennet ni jina lililokuwapo kabla ya Waingereza kufika na lugha yao. Warumi waliuita mji wao uliokuwa kando ya mto huo Cunetio. Wenye lugha ya kwanza walimezwa, Warumi wakaondoka, wakaja Wasaksoni, na mto haukubadili jina. Mito kadhaa ya nchi hiyo huitwa Avon, ambalo katika lugha ya Wales ni neno lile lile la ‘mto’, hivi kwamba Mwingereza atajapo Mto Avon husema Mto Mto. Huko Lancashire kuna Pendle Hill, jina ambalo ukilichambua tabaka kwa tabaka ni kilima kilima kilima. Tusicheke sana. Sisi husema Mlima Kilimanjaro, na ikiwa kweli ‘kilima’ imo ndani yake, kama wengi wadhanivyo, basi tu sawa. Ninalosisitiza ni kwamba majina hayo hayakuhifadhiwa na chuo kikuu chochote. Yalihifadhiwa na wakulima na wachungaji waliopita pale kila siku na kulazimika kuambiana wanakokwenda. Uzibapo njia, jina la mahali hukosa midomo ya kulitamka, na baada ya vizazi viwili halipo.

Haki hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Tarehe 24 Aprili, mwaka 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester, walipanda kwa makusudi nyanda za Kinder Scout ambazo matajiri walikuwa wamezitenga kwa ajili ya kuwindia ndege. Watano kati yao walifungwa jela, akiwemo Benny Rothman, kijana wa miaka 20, aliyehukumiwa miezi minne. Miaka 17 baadaye, sheria ya mwaka 1949 iliamuru mabaraza ya majimbo yaandike ramani rasmi za njia zote za umma. Sheria ya mwaka 2000 iliongeza haki ya kutembea katika nyanda na milima iliyo wazi, ingawa eneo hilo ni asilimia nane tu ya England, na wapo wanaoendelea kulidai lililobaki. Sheria hiyo hiyo iliweka mwaka 2026 kuwa mwisho wa kuandikisha njia za kale zilizosahauliwa na ramani. Ukomo huo ulisogezwa hadi 2031, na mnamo Desemba 2024 serikali ikatangaza kwamba itaufuta. Katika miaka hiyo ya wasiwasi wastaafu wa vijijini walikesha juu ya ramani kuukuu na vitabu vya zaka vya karne ya 19, wakitafuta ushahidi kwamba babu zao walipita.

Nikiyaona hayo nilikumbuka pwani yetu. Gede ilitangazwa na serikali ya kikoloni kuwa mahali pa kihistoria mwaka 1927, chini ya fikra ile ile iliyozaa sheria ya Lubbock. Wakoloni walituletea nusu ya jambo. Walituletea tangazo, ua na mlinzi. Njia ya miguu yenye nguvu za kisheria, ambayo kwao ndiyo pumzi ya kijiji, waliiacha kwao. Nasi baada ya Uhuru tuliirithi nusu hiyo tukaitunza vizuri. Matokeo yake ni kwamba mwanakijiji anayezaliwa jirani na magofu huyajua kama mahali pa watalii na pa safari za shule, na mvuvi ambaye baba yake alikuwa na njia tatu za kushukia ufuoni hujikuta na moja, nayo ina lango la hoteli.

Watu huniambia kwamba sheria zetu hazimsaidii mvuvi huyo. Si kweli kabisa. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 28, inazitambua haki za kupita zilizokuwapo shamba liliposajiliwa kwa mara ya kwanza, hata kama hazikuandikwa katika rejista. Haki ipo. Kinachokosekana ni ramani, na ushahidi wa kuonyesha kwamba hapa palipitwa, na nani, tangu lini. Kiwanja kina hati yenye muhuri. Njia ina kumbukumbu za wazee tu, na mahakamani hati ndiyo hushinda.

Kwa hiyo ombi langu kwa serikali za kaunti, kuanzia Kwale hadi Lamu, na hata zile za bara zenye maboma ya mawe, misitu na visima vya kale, si la kujenga ua mwingine. Ni kuajiri vijana wachache wenye kalamu na simu za kupimia mahali, wakae na wazee wa kila kijiji, watembee nao njia moja baada ya nyingine, waziandike kwa majina yake, na wazichore. Idara za isimu na jiografia za vyuo vyetu vikuu zina wanafunzi wanaohangaika kila mwaka kutafuta mada za tasnifu. Kazi hii ingewatosha kwa miaka kumi. Haitagharimu hata bei ya lango moja la chuma na kibanda cha tikiti. Wazee wanaozijua njia zote za kushukia ufuoni katika vijiji vingi wamevuka miaka 70, na orodha hiyo haijaanza kuandikwa.